Mbu Mmoja, Watoto Tofauti: Jinsi Damu ya Kurithi Inavyoathiri Ukali wa Malaria

Watoto wawili wa boma moja wanaweza kuumwa na mbu wale wale, mmoja akapata homa na kupona, mwingine akapata degedege na kuishiwa damu. Wazazi wengi hapa Migori na jirani zetu wa Homa Bay hujiuliza ni kwa nini. Si chira, wala si lazima iwe uzembe wa mama. Sehemu ya jibu imo katika damu ambayo kila mtoto alirithi.

Mtoto hupokea jeni moja ya hemoglobini kutoka kwa kila mzazi. Akipata mbili za kawaida, huitwa AA. Akipata moja ya kawaida na moja ya selimundu, ni AS, na kwa kawaida haugui. Akipata mbili za selimundu, ni SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu.

Mwaka wa 1949, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kuwa jeni ya selimundu ilipatikana kwa wingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu zisizo na malaria. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS hukinga dhidi ya malaria. Baadaye, utafiti uliofanywa Kilifi ulionyesha kuwa kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Vimelea havistawi vizuri katika damu ya AS, na chembe zilizoambukizwa huondolewa mwilini mapema. Watu wa kundi la damu la O pia wana hatari ndogo zaidi ya kupata malaria kali.

Hata hivyo, AS si chanjo. Mtoto huyo bado anaweza kuambukizwa na kuugua.

Aliye hatarini zaidi ni mtoto wa SS. Wengine hudhani naye amekingwa, na dhana hiyo inaweza kumgharimu maisha. Damu yake tayari ni pungufu. Malaria ikimwingia, inaweza kuishusha haraka hadi ahitaji kuongezewa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto wa SS.

Mzazi, fanya haya:

• Omba kipimo cha selimundu, hasa ikiwa ugonjwa huu upo katika ukoo. Mtoto wa SS ahudhurie kliniki bila kukosa na atumie dawa za kuzuia malaria jinsi alivyoandikiwa.

• Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

• Kamilisha dozi zote za chanjo ya malaria. Chanjo hii ilizinduliwa nchini mwezi Septemba 2019 huko Ndhiwa, Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuipokea.

• Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Akiwa na degedege, akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida au viganja vikipauka, mkimbize hospitalini mara moja.

Hatuchagui damu tunayorithi, lakini tunaweza kuijua mapema. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwako au tembelea zahanati iliyo karibu.