Majawabu ya Wazazi na Akili Mnemba: Tusiiachie Mashine Amana Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Baadhi ya walimu wa vyuo vya Qur'ani wameniuliza: wakikusanya maoni ya wazazi kwa karatasi, je, inafaa kuipa programu ya akili mnemba, kama ChatGPT, kazi ya kuyasoma na kuyapanga kwa mafungu? Jawabu kwa ufupi: inafaa, kwani asili ya vyombo vya kidunia ni kuruhusiwa, lakini kwa masharti. Masharti yenyewe nitayaeleza kwa jambo lililotufika.

Katika chuo kimoja ninachosaidia, tuliona watoto wakifika miaka 13 au 14 wanaacha kuja. Tukawapa wazazi karatasi yenye swali moja la wazi: kwa nini mwanao amepunguza au ameacha kuja chuoni? Swali la wazi halina majibu ya kutia alama. Kila mtu huandika kwa maneno yake. Faida yake ni kuwa mzazi husema hata lile ambalo wewe hukufikiria kuliuliza. Uzito wake ni kuwa maneno yaliyotawanyika hayahesabiki mpaka yatiwe kwenye mafungu.

Kijana wetu mmoja aliyachapa majawabu na kuipa programu. Kwa dakika chache ikatuletea mafungu sita: ada, masafa, masomo ya skuli, nidhamu, ratiba na elimu ya juu.

Hilo la mwisho likatustaajabisha. Nani kazungumzia elimu ya juu? Tulipofungua karatasi tukakuta, "mtoto hataki chuo", "chuo kinagongana na tuisheni". Sisi huku visiwani tukisema chuo twakusudia madrasa. Mashine ikafahamu chuo kikuu. Tukacheka.

Kisha tukaacha kucheka. Ndani ya fungu la ratiba mlikuwa na karatasi ya mama mmoja. Ameandika kuwa binti yake hataki kurudi kwa sababu mwalimu humbakisha peke yake baada ya wenziwe kuondoka. Mashine ililichukulia hilo kuwa suala la saa. Lau tungeridhika na jadweli, kilio cha mama yule kingekuwa tarakimu moja tu, nasi tungekaa kikao kubadilisha saa za masomo. Alhamdulillahi, siku ile ile mwalimu alisimamishwa ili uchunguzi ufanyike, na mama akasindikizwa kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Zaidi ya hapo sisemi, kwa kulinda heshima ya mtoto.

Ndugu zangu, kupanga mafungu si kazi ya karani tu. Imam Ahmad katika Musnad yake alizipanga hadithi kwa majina ya maswahaba waliozipokea. Imam al-Bukhari alizipanga kwa milango ya maudhui, na wanazuoni wamesema kuwa fiqhi yake imo katika vichwa vya milango hiyo. Hadithi ya nia ameileta mahali saba, kwani neno moja huweza kuhusu mambo mengi. Basi anayetaja kichwa cha fungu amekwishatoa uamuzi. Haya ndiyo ninayowausia:

1. Ondoeni majina kwanza. Unachokiandika kwenye programu za namna hii kwa kawaida huenda kwenye kompyuta za watu wengine. Jina la mtoto, la mwalimu na la mtaa visiingie. Siri ya mzazi ni amana.

2. Someni wenyewe kabla ya mashine. Chukueni karatasi 40 au 50 bila ya kuchagua, mwandike mambo yanayojitokeza kwa maneno ya wazazi wenyewe. Kisha iulizeni programu mafungu yake, mlinganishe. Huenda ikaona mlilolipita.

3. Andikeni daftari la mafungu. Kila fungu liwe na jina, maana, kinachoingia, kisichoingia, na mfano. Mzazi anayetaka walimu wawe wakali zaidi na mzazi ambaye mwanawe anapigwa hawawi pamoja chini ya "nidhamu". Jawabu moja liruhusiwe kuingia mafungu mawili au matatu. Liwepo pia fungu la "mengineyo". Likijaa, jueni kuna fungu linakosekana.

4. Pimeni. Watu wawili wapange karatasi zile zile bila ya kuangaliana, kisha mlinganishe na mashine. Watafiti hutumia kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinachozingatia kuwa watu huweza kuafikiana kwa bahati tu. Mnapokhitilafiana, rekebisheni maelezo ya fungu, kisha mpange upya karatasi zote, si zilizobaki tu.

5. Khatari haisubiri hesabu. Kila karatasi isomwe na mtu mzima mwaminifu, hata kama mashine imeshaipanga. Kwa chuo chenye karatasi mia mbili hiyo ni kazi ya jioni moja kwa watu wawili. Fungu lenye majawabu mengi si lazima liwe ndilo lenye uzito. Jawabu moja la mtoto aliyedhulumiwa linatangulia hamsini ya ada.

Allah ametuamrisha katika Suurat al-Hujuraat, aya ya 6, tuihakikishe khabari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mashine si mukallaf, haitaulizwa Siku ya Kiyama. Tutakaoulizwa ni sisi tuliopewa karatasi mkononi.

Na wazazi, mkipewa karatasi kama hizi andikeni wazi, msione haya. Maneno yenu yatasomwa na watu, inshaAllah.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiiq.