Lubumbashi: Bomba la moshi limekatwa, taa ya mota haizimiki. Kabla ya kununua sonda, tafuta tundu

Pikapu ya esanse inaingia garaji katika komine ya Kampemba ikiwa na bomba la moshi lililoliwa na kutu. Inatoka na bomba jipya, pana zaidi, bila katalizeri. Mwenye gari anafurahia sauti, anasema hata nguvu imeongezeka. Siku mbili baadaye, kwenye njia ya Likasi, taa ya njano inawaka kwenye tablo, na esanse iliyokuwa inamtosha kwenda na kurudi sasa inaishia njiani. Fundi anamwambia anunue sonda mpya. Ananunua. Taa inazimika, kisha inawaka tena.

Kwa mtu anayeishi kwa kubeba makala, unga ao samaki wa Kasenga, hiyo ni hasara mara mbili: pesa ya sonda na pesa ya esanse. Mara nyingi sonda ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa inasema ukweli juu ya kazi mbaya iliyofanywa chini ya gari.

Sonda inafanya nini

Sonda lambda, ndiyo sensa ya oksijeni, ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye bomba la moshi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitengeneza, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa la Volvo, mwaka 1976, kwa soko la Marekani. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki ndani ya moshi. Kompyuta ya mota inasoma kipimo hicho na kuamua kama injekta zitoe esanse zaidi ao kidogo. Mota ya esanse inachoma vizuri ikipata kilo 14,7 hivi za hewa kwa kilo moja ya esanse.

Gari nyingi zina sonda mbili ao zaidi. Ile ya mbele, karibu na mota, ndiyo inayoongoza esanse. Ile ya nyuma iko baada ya katalizeri, na inaangalia kama katalizeri inafanya kazi. Zote mbili zinahitaji joto la karibu digrii 300 na zaidi ili kupima sawasawa. Ndiyo maana zina rezistansi ndani ya kuzipasha moto.

Kamio za zamani za mazutu hazina sonda hii. Kamio mpya za mazutu zina sensa za aina nyingine, na kuzitafutia pane ni kazi tofauti. Habari hii inahusu zaidi pikapu na kamio ndogo za esanse.

Namna tatu za kuharibu kipimo

Ya kwanza ni tundu. Bomba likichomelewa vibaya, ao pete ya kuzibia kwenye kolekta ikirudishwa ile ya zamani, panabaki nafasi ndogo. Mtu anafikiri moshi unatoka tu. Lakini moshi unatembea kwa mapigo, na kati ya pigo moja na lingine hewa ya nje inavutwa kuingia. Sonda inaona oksijeni nyingi na kuambia kompyuta kwamba esanse ni kidogo. Kompyuta inaongeza esanse, ingawa mota haikuwa na upungufu wowote. Hapo ndipo tanki inaisha haraka, buji zinakuwa nyeusi, na skana inaonyesha kodi P0171.

Ya pili ni mahali. Fundi akisogeza sonda ya mbele mbali na mota, moshi unaifikia ukiwa umepoa. Akiifunga ikiangalia juu kutoka chini ya bomba, maji yanayotokea ndani ya bomba asubuhi yanaingia na kuipasua. Inapaswa kukaa upande wa juu wa bomba, ikiwa imeinama angalau digrii 10 juu ya usawa.

Ya tatu ni katalizeri kutolewa. Bila katalizeri, sonda ya nyuma inaona moshi uleule unaoonwa na sonda ya mbele. Kompyuta inaandika P0420: katalizeri haifanyi kazi. Hata mtu akifunga sonda kumi mpya, kodi hiyo itarudi, kwa sababu ni kweli.

Kutafuta pane hatua kwa hatua

Fundi mwenye uzoefu anaanza kwa kusoma kodi, si kwa kufungua chuma. P0135 na P0141 zinahusu rezistansi ya kupasha moto ya sonda ya mbele na ya nyuma. Hapo anaangalia fyuzi, anatafuta waya uliogusa bomba na kuyeyuka, kisha anapima rezistansi kwa multimeta. Kama multimeta haionyeshi chochote kupita, rezistansi imekatika, na sonda hiyo kweli inahitaji kubadilishwa.

Kodi ikiwa P0171, anatafuta tundu kwanza. Jaribio lake halina bei. Asubuhi, mota ikiwa baridi, gari linawashwa nje, mahali penye hewa. Mtu mmoja anaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Mwingine anasikiliza kila kiungo kuanzia kolekta, na kupaka maji ya sabuni pale palipochomelewa. Povu likipanda, tundu limepatikana. Alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo inasema vilevile. Bila tundu kwenye bomba, anaendelea kwenye mabomba ya hewa ya kuingia mota na nguvu ya pampu ya esanse.

Baada ya kuziba ndipo sonda inapimwa. Ile ya kawaida, mota ikiwa moto, inapanda na kushuka haraka kati ya volti 0,1 na 0,9 hivi. Ikikaa chini bila kusogea, ama bado kuna hewa inayoingia, ama sonda imechoka. Lakini gari nyingi za Toyota za miaka ya 2000 na kuendelea zina sonda ya mbele ya aina nyingine, isiyofuata volti hizo. Hiyo inasomwa kwa skana. Kuihukumu kwa multimeta ni kutupa sonda nzima.

Rangi za waya zinadanganya

Pane nyingine inazaliwa pale sonda isiyo ya gari hilo inapounganishwa kwa kufuata rangi. Kwenye sonda za Bosch zenye waya nne, nyeupe mbili ni za kupasha moto, nyeusi ni ya kipimo, kijivu ni masi. Kwenye sonda za Denso, zinazopatikana sana kwenye Toyota, nyeusi mbili ndizo za kupasha moto, bluu ni ya kipimo, nyeupe ni masi. Anayeunganisha nyeusi na nyeusi anapeleka umeme wa betri kwenye waya wa kipimo. Sonda inaweza kufa siku ileile, na kompyuta ya mota inaweza kuifuata.

Waya hizo hazifai kuunganishwa kwa risasi ya moto, kwa kuwa sonda nyingi zinapata hewa safi ya kulinganisha kupitia ndani ya waya. Zinabanwa kwa viungo vya chuma. Silikoni ya kuzibia nayo isiwekwe mbele ya sonda, maana mvuke wake unaiua. Na kabla ya kuchomelea chochote, sonda itolewe na betri ikatwe.

Taa iliyozimwa, moshi uliobaki

Kuna mafundi wanaoweka kipande cha chuma kirefu chini ya sonda ya nyuma ili isiguse moshi vizuri. Taa inazimika na mwenye gari anafurahi. Lakini moshi haujabadilika. Katalizeri ndiyo iliyokuwa inapunguza monoksidi ya kaboni, esanse isiyoungua na oksidi za nitrojeni. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, metali za bei kubwa. Ndiyo sababu fundi anayesema « tuitoe tu » pengine anajua mnunuzi wake. Mwenye gari ana haki ya kuuliza kipande chake kimeenda wapi.

Kati ya mwaka 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na asilimia 40 yalifika Afrika, kulingana na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Mengi ya Lubumbashi yanapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Gari likifika na katalizeri nzima kisha ikakatwa hapa, wanaolipa ni watoto waliobebwa mgongoni sokoni Kenya, na shofere mwenyewe, hasa kama tundu liko chini ya kabini. Monoksidi ya kaboni haina harufu.

Wakaaji wa Lubumbashi wanajua moshi. Toka mwaka 1911 wameishi karibu na tanuru la shaba, na shimni yake bado ni alama ya mji. Moshi ule hawakuulizwa. Huu wa pikapu unaamuliwa garaji, kati ya fundi na mwenye gari, na swali la kwanza linagharimu maji ya sabuni tu: tundu liko wapi?