Walikwenda Garissa na hofu, wakarudi na vifurushi

WALIPOAMBIWA kwamba ziara ya likizo ya Agosti ingekuwa Garissa, wala si Mombasa kama walivyozoea, wanafunzi 22 wa chuo kimoja cha biashara jijini Nairobi walitazamana. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Jioni hiyo simu za wazazi hazikunyamaza.

"Mama alikataa katakata," asema msichana mmoja wa mwaka wa pili. "Alisema hakunizaa nikafie huko."

Huwezi kumlaumu mama huyo. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu cha mji huo na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka pembe zote za Kenya. Tangu siku hiyo, Garissa ikitajwa, wengi hawakumbuki kingine.

Mwishowe mama alilegea, kwa sharti kwamba binti ampigie simu asubuhi na jioni. Mwandishi huyu akaungana nao.

Daraja la Tana

Basi liliondoka Jumanne alfajiri. Ni safari ya zaidi ya kilomita 350 kupitia Thika na Mwingi. Ukishapita Mwingi, vilima vinabaki nyuma, nchi inatandaa na joto linaanza kubisha hodi. Kwenye vizuizi vya polisi kila abiria alionyesha kitambulisho. Kijana aliyesahau chake alihojiwa hadi akatokwa na jasho.

Baada ya Madogo tukafika darajani. Chini yetu Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, ulipita na maji yake ya rangi ya udongo. Kandokando yalikuwapo mashamba ya ndizi na maembe.

"Nilidhani ni mchanga mtupu," alinong'ona mmoja, uso ukiwa umebanwa dirishani.

Bei chini ya kitambaa

Jumatano ni siku ya mifugo. Soko la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na asubuhi hiyo vumbi lilitanda juu ya ng'ombe, mbuzi na ngamia wasiohesabika. Wanafunzi hawa wanasomea biashara, lakini hapa walikuta somo ambalo halimo vitabuni. Wazee wawili walishikana mikono, wakaifunika kwa kitambaa, wakakaa kimya. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikitaja bei, ili wa pembeni wasijue. Anayewaunganisha mnunuzi na muuzaji huitwa dilaal kwa Kisomali, ndugu wa neno letu dalali.

Kutoka hapo tuliingia Mugdi, soko ambalo jina lake maana yake ni giza. Ndani ya vichochoro vyake nguo zimening'inia pande zote: madira, mitandio, vikoi, na manukato yanayokufuata hadi nje.

"Abaayo, karibu!" wanawake waliwaita wasichana, yaani dada.

Hapo ndipo tulipokosea. Kijana mmoja alielekeza simu yake kwa mama muuza maziwa ya ngamia na kumpiga picha bila ruhusa. Mama akajifunika uso, akafoka. Mwalimu aliomba radhi, na kijana akaifuta picha mbele yake.

"Mwanangu, kwenu unaingia nyumba ya watu bila kubisha?" aliuliza mama, sasa akitabasamu. Kisha akammiminia kikombe cha maziwa. Kijana alikunja uso kwa ule ukali wake, lakini alikimaliza.

Mama huyo alitueleza kuwa wanafunzi walikuwa wateja wake wakubwa. Chuo kilipofungwa baada ya shambulio, alirudi nyumbani na mitungi imejaa. Kilifunguliwa tena Januari 2016. "Wageni wakiogopa, sisi tunalala njaa," alisema.

Mchana tulikula wali kwa nyama ya ngamia, na ndizi mbivu juu ya sahani hiyohiyo. Wengine walicheka, kisha wakaongeza.

Kimya langoni

Alhamisi, kabla ya kurudi, tulikwenda Bour-Algi, hifadhi ya twiga iliyo karibu na mji, ambako twiga na mifugo ya wenyeji hugawana malisho. Halafu wanafunzi wenyewe waliomba tupitie chuoni. Walisimama langoni bila kusema neno. Wanafunzi wa humo walipita na vitabu vyao kama wa kokote kwingine. Msichana yule alitoa simu, akampigia mama yake, ingawa jioni ilikuwa bado.

Msomaji ukipanga safari kama hii, ulizia kwanza hali ya usalama na ya barabara. Mafuriko ya Tana yamewahi kuikata, kama ilivyokuwa Novemba 2023. Safiri mchana, beba kitambulisho na maji, vaa nguo za heshima, na omba ruhusa kabla ya picha. Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala.

Na yule mama? Binti alimletea mtandio wa rangi ya zambarau, aliotajiwa Sh1,200 akaupata kwa Sh800. Mama aliugeuza, akaunusa, akauliza umetoka wapi. Alipojibiwa, alikaa kimya kidogo.

Jumapili iliyofuata aliuvaa kanisani.