Mtoto Akitaka Kwenda Kufundisha Kiingereza Ng'ambo

Siku hizi katika vikundi vyetu kumezuka ombi la mkopo ambalo hatukulizoea. Watu walikuwa wakikopa kununua mbegu, ng'ombe wa maziwa au kulipa karo. Sasa mzazi anakuja kwa mweka hazina akisema kijana wake amemaliza chuo, TSC haijamwajiri, na amepata kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo. Pesa zinatakiwa wiki hii hii. Wanavikundi wametuuliza kama kazi hizi ni za kweli, na kama ni lazima mtu apitie kwa ajenti. Tutajaribu kueleza.

Kazi zenyewe ziko. Shule za China, Thailand na nchi za Ghuba huajiri walimu wa kigeni kila mwaka, na kuna Wakenya wanaofundisha huko. Lakini kila nchi ina masharti yake, na hapo ndipo wengi wanapotegwa. Chukueni Korea Kusini. Viza ya mwalimu wa lugha kule huitwa E-2, na kwa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, hata kama mtu anaongea Kiingereza cha kushinda cha mwalimu mkuu. Basi anayekuuzia nafasi ya namna hiyo kwa pasipoti ya Kenya, huna haja ya kumsikiza hadi mwisho.

China hutaka shahada, na viza ya kazi yao ni ya aina ya Z. Shule ndiyo huanza kuomba kibali, na mwalimu hupata barua ya kibali hicho kabla hajapanda ndege. Thailand nako hutaka shahada, viza ya aina ya B na kibali cha kazi, na mtu asiyetoka katika zile nchi za Kiingereza huombwa matokeo ya mtihani wa lugha hiyo. Cheti cha P1 peke yake kwa kawaida hakifiki. Shule nyingi pia hutaka cheti cha TEFL cha masaa 120, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni.

Tusisahau majirani. Rwanda iliamua mwaka wa 2008 kufundisha shuleni kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu hapo imekuwa ikitafuta walimu nje. Mwaka wa 2022 walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe walienda huko kwa mapatano ya serikali hizo mbili. Hakuna aliyeuza shamba kufika Kigali kwa basi.

Sasa habari ya ajenti. Mtu anaweza kujitafutia mwenyewe. Anaiandikia shule moja kwa moja, anapeleka vyeti, anahojiwa kwa video. Faida ni kwamba anamjua mwajiri wake na hamlipi mtu wa katikati. Uzito ni kwamba stakabadhi zote atazikimbilia mwenyewe: cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi. Na hata hapo asiamini nambari aliyotumiwa. Atafute simu ya shule kwa njia nyingine, apige, aulize kama kweli wanamjua aliyemwandikia. Akiweza kuzungumza na mwalimu wa kigeni aliye pale, bora zaidi.

Ajenti mzuri naye ana kazi yake, hasa kwa mtu asiyejua pa kuanzia. Ila tujue nani anamlipa. Shule inayotafuta mwalimu ndiyo humlipa ajenti. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka wa 1997, unasema kama kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe ada na ajenti. Hapa Kenya ajenti anatakiwa awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Msitosheke na karatasi iliyotundikwa ukutani. Ulizeni Mamlaka yenyewe kama usajili bado una nguvu. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje utiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa na afisa wa leba. Huyu afisa yuko katika kaunti yenu. Ajenti anayesema hatua hiyo ni ya kupoteza wakati, anaogopa nini?

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kiliombwa shilingi 180,000 na mwenzao. Binti alikuwa amepata kazi Thailand. Mwenyekiti hakukataa. Aliuliza tu, "Mama, hiyo shule inaitwaje?" Mama hakujua, binti hakujua. Wakampigia ajenti hapo hapo mkutanoni. Alisema jina litatolewa baada ya malipo, na kwamba binti atasafiri kwa viza ya utalii, "zingine tutatengeneza huko." Walipomwomba mkataba upelekwe kwa afisa wa leba, simu ikakatika na haikushikwa tena. Binti alilia, tena kwa siku nyingi. Alikuwa ameshaaga rafiki zake.

Tunajua njia kama hiyo huweza kuishia wapi. Mwaka wa 2022, na tena 2025, Wakenya waliokolewa kutoka Myanmar. Waliahidiwa kazi nzuri Thailand, wakashushwa Bangkok, wakavushwa mpaka kwa gari. Huko walifungiwa na kulazimishwa kutapeli watu kwa intaneti, na aliyekataa alipigwa. Familia zingine ziliitishwa pesa ili watoto waachiliwe.

Kwa hivyo mkopo wa safari usitolewe kwa mkupuo mmoja. Toeni kwanza ya pasipoti na stakabadhi. Nauli ilipwe viza ya kazi ikishaonekana, na ilipwe kwa kampuni ya ndege, si kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Hati ya shamba isiwe dhamana. Kumbukeni pia mshahara wa kwanza huenda ukafika baada ya mwezi au miwili, basi marejesho yasianze kuhesabiwa siku ya kuondoka. Katika mkataba angalieni mshahara ni wa pesa gani, nyumba ni ya nani, masaa ni mangapi, tiketi ya kurudi inalipwa na nani. Pasipoti ikae na mwenyewe.

Mkataba ukija kwa lugha msiyoielewa, msitie sahihi. Uleteni ofisi ya maendeleo ya parokia pamoja na kijana mwenyewe, tuusome naye kabla ya kwenda kwa afisa wa leba.