Mtambo Usiokunywa Maji

Labda umepata kuona lori likisimama kando ya mto, na utingo akichota maji kwa debe ili aupoze mtambo. Lakini iko motokaa moja ambayo mtambo wake haunywi hata tone: ni Volkswagen ile yenye mgongo kama wa kobe. Mwaka 1962 ilishinda mashindano ya East African Safari, penye tope na mavumbi mengi. Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchi ya Mexico, mwaka 2003. Basi zote zilizobaki ni kuukuu, na mwenye nayo hana budi kuijua tabia yake.

Mtambo umekaa nyuma. Feni hupuliza hewa juu ya silinda 4 zenye mapezi ya chuma. Feni hiyo imefungwa katika mhimili wa dainamo, na mkanda mmoja wa mpira huvizungusha vyote viwili. Mkanda ukikatika, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Huenda akasema, "Ni umeme tu, nitafika nyumbani." Asiseme hivyo! Feni nayo imesimama, na mtambo unaungua. Imempasa asimame pale pale, azime mtambo, atie mkanda mpya. Kwa sababu hiyo mwenye busara hubeba mkanda wa akiba na spana yake. Mkanda ni kitu cha bei ndogo, mtambo sivyo.

Lakini hewa peke yake haitoshi. Oili, yaani mafuta yalainishayo vyuma, nayo huchukua joto na kulipeleka penye upepo wa feni. Oili yenyewe ni lita 2 na nusu tu, tena hakuna chujio ila wavu wa chuma uzuiao takataka kubwa. Uchafu laini hubaki ndani. Ndiyo maana humwagwa kila kilomita 5,000, ingali moto, ili uchafu utoke nayo, na wavu huoshwa. Kila juma mwenyewe huchomoa kijiti cha kupimia, motokaa ikiwa mahali pa sawasawa na mtambo umezimwa, aone kama oili i kati ya alama mbili.

Kazi iliyo ngumu zaidi ni ya vali, ile milango midogo ya silinda. Kati ya vali na mkono unaoisukuma hutakiwa nafasi ndogo, kama milimita 0.15. Wengi huichukia vali inayogonga-gonga, wakaikaza mno. Kumbe iliyo kimya ndiyo ya kuogopwa: haifungi barabara, ndimi za moto hupita kando yake, nayo huungua hata ikakatika. Mara nyingi ni ya silinda ya 3, kwa kuwa katika mitambo ya miaka ya 1960 kipozea oili kilisimama mbele yake na kuizuia hewa. Fundi hupima nafasi hiyo kwa kipande chembamba cha chuma, alfajiri, kabla motokaa haijawashwa hata mara moja.