Mwanachama Anapougua Akili



Mwanachama akivunjika mguu msimu wa kupulizia salfa, jirani humpulizia mikorosho yake. Akiugua akili, mikorosho hiyo hiyo huachwa iliwe na ubwiri unga, na jina lake huanza kutajwa kwa kicheko. Tofauti hiyo haina msingi, kwani maradhi ya akili ni maradhi, nayo hutibika.

Si ya namna moja. Iko sonona: mtu hukosa usingizi, chakula humshinda, huacha shamba kwa majuma mengi, na aghalabu huitwa mvivu. Akitamka kwamba heri afe, asipuuzwe. Kumwuliza waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Uko ugonjwa wa kusikia sauti wasizozisikia wengine na kumshuku kila mtu, ambao wengi huuita kichaa. Yako pia madhara ya ulevi, ambayo sisi wa nchi ya mabibo hatuwezi kuyafumbia macho. Mnywaji wa kila siku aachapo pombe ghafula aweza kutetemeka, kuweweseka na kuona visivyokuwapo. Huyo hakurogwa, apelekwe hospitali upesi, maana aweza kufa. Kifafa, kwa upande wake, ni maradhi ya ubongo wala si wazimu, na povu lake haliambukizi.

Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianza katika miaka ya 1920, zama ambazo mgonjwa alitengwa mbali na kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilianza kuanzisha vijiji ambamo wagonjwa waliishi na ndugu zao, wakilima huku wakitibiwa; jembe na jamaa vilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukafuata mpango wa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, uliowafundisha watumishi wa zahanati kuyatambua maradhi haya na kuyatibu karibu na nyumbani. Minyororo na kamba hazimo katika tiba hiyo. Dawa zimo, vidonge au sindano ya kila mwezi, na wengi huharibikiwa kwa kuziacha mara tu nafuu ionekanapo.

Sasa tuje kwenye jambo linalomgusa katibu mwenyewe. Minada imeanza, ndugu wa mgonjwa afika ofisini akitaka malipo ya korosho za mgonjwa yaingizwe katika akaunti yake yeye. Huenda ana nia njema, huenda hana. Katibu hana mizani ya kupimia nia. Ugonjwa haumwondolei mtu mali yake wala uanachama wake, na wagonjwa wengi huweza kabisa kusimamia fedha zao. Pale ambapo mgonjwa hawezi, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeipa mahakama mamlaka ya kumteua msimamizi wa mali yake. Mamlaka hayo si ya katibu, si ya bodi, wala si ya kikao cha ukoo. Kwa hiyo akaunti isibadilishwe kwa maneno ya mdomo. Ndugu huyo aelekezwe mahakamani, na maombi yake yaandikwe katika kumbukumbu za chama.

Mwanachama akirudi kutoka hospitali, korosho zake zipimwe mbele yake, stakabadhi apewe mkononi, na mkutano mkuu ukiitishwa apelekewe taarifa sawa na wengine.