Kwanza Hesabu Magunia

Hadithi, hadithi?

Hadithi njoo!

Palikuwa na bibi mmoja huko Bomet, mkulima wa chai. Wajukuu wake walimwita Kogo, kama watoto wa Kipsigis wanavyomwita nyanya yao. Kogo hakuwahi kukaa darasani, lakini palipokuwa na hesabu ya majani yake huwezi kumpita kando.

Asubuhi, kabla mjukuu wake hajaondoka kwenda kituo cha kupimia, Kogo alimwambia neno moja tu: "Matatu." Yaani magunia matatu. Huko kituoni karani alitundika gunia kwenye mizani, akasoma, akalishusha, akatundika jingine. Kila mara msichana aliandika uzito kwenye karatasi yake mwenyewe. Msichana aliporudi nyumbani, Kogo hakuanza na kilo.

"Umeandika mara ngapi?"

"Mara mbili, Kogo."

"Basi rudi. Kuna gunia halijapimwa."

Kilo za yale mawili zilikuwa nzuri kabisa. Karani hakuwa amekosea hata gramu moja. Lakini gunia la tatu lilikuwa limeegemea nguzo nyuma ya banda, limesahauliwa, na karatasi haikuwa na neno lolote la kulitaja. Angeangalia kilo peke yake, Kogo angetabasamu na kulala, na majani yangekauka palepale.

Shikilieni hilo gunia la tatu, wanangu. Tutalirudia.

Sasa tutoke Bomet kidogo, twende California. Katika chuo kikuu cha Berkeley palikuwa na mwanafunzi wa isimu aitwaye Larry Wall. Yeye na mkewe walikuwa na mpango wa kuvutia: watafute lugha ambayo haijaandikwa, huenda hapa Afrika, waitungie maandishi. Afya haikuwaruhusu, wakabaki Marekani. Wall akaingia kazi ya kompyuta, na tarehe 18 Desemba 1987 akatoa lugha nyingine kabisa aliyoitunga mwenyewe, lugha ya kuandikia programu. Jina lake Perl. Hii ni lugha ya skripti: unaandika maagizo yako mstari kwa mstari kwenye faili, unaiambia kompyuta "soma", nayo inatenda hapohapo.

Pamoja na lugha hiyo alitoa programu ndogondogo za kuijaribu. Kila moja ilianza kwa kutamka idadi. Ikiwa na majaribio manne, kitu cha kwanza ilichoandika ni 1..4, maana yake: nitafanya majaribio kuanzia la 1 hadi la 4, nihesabieni. Kisha ikaandika ok 1, ok 2, na palipokwama, not ok. Basi. Hakuna rangi wala mapambo. Mtu anaweza kusoma ripoti hiyo, na programu nyingine inaweza kuisoma pia, ikajumlisha na kutoa hukumu.

Namna hiyo ya kuripoti imeishi hadi leo, na lugha nyingi zimeiazima. Mimi huipenda kwa sababu ya ule mstari wa kwanza. Ni neno la Kogo lilelile: "Matatu."

Njooni tuandike programu yetu, mimi nanyi, ya kuwasaidia wakulima kujumlisha majani. Tutumie Python, lugha ya skripti ambayo vijana wengi wa Kenya huanza nayo. Programu itapokea uzito, itoe uzito wa gunia lenyewe, ijumlishe mizigo ya siku, na ikatae upuuzi, kwa mfano kilo zilizo chini ya sifuri au nambari ya mkulima asiyekuwepo.

Tutajuaje kwamba inafanya kazi? Tunaweza kukaa na kuibonyezabonyeza: weka 12, angalia, weka 7, angalia. Siku ya kwanza utafanya hivyo kwa hamu. Siku ya tano utachoka. Siku ya kumi utasema, "Jana ilikuwa sawa, na leo itakuwa sawa," na hapo ndipo kasoro huingia. Ndiyo maana jaribio linaandikwa kama programu: kompyuta haichoki, na haifanyi jambo namna moja leo na namna nyingine kesho.

Wanaoonja chai wanalijua jambo hili vizuri. Majani yetu yakishakuwa chai kavu hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, na kabla ya kununuliwa huonjwa. Mwonjaji hawezi kupika kikombe hiki kizito na kile chepesi kisha akavilinganisha. Iko hata kanuni ya kimataifa, ISO 3103, iliyotolewa mwaka 1980, inayoeleza jinsi ya kupika chai ya kuonja: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Haina lengo la kupata chai tamu. Lengo ni kwamba vikombe vikitofautiana, tofauti imetoka kwenye majani, haikutoka kwa mpishi. Jaribio la programu ni hivyo hivyo: unaingiza kitu kilekile, unangoja jibu lilelile, na likibadilika unajua kuna kilichobadilika ndani.

Haya, tumeandika majaribio matano. Tunayaendesha. Skrini inatuambia:

1..5
ok 1 - mizani tupu inasoma sifuri
ok 2 - kilo 12 ukitoa gunia la nusu kilo hubaki 11.5
not ok 3 - kilo 0.1 na kilo 0.2 jumla yake ni 0.3
#   iliyopatikana: 0.30000000000000004
#   iliyotarajiwa: 0.3
ok 4 - uzito ulio chini ya sifuri hukataliwa
ok 5 - nambari ya mkulima isiyojulikana hukataliwa

Tazameni jaribio la tatu. Kiganja cha gramu 100 na viganja vya gramu 200, hesabu ya mtoto wa darasa la nne, na mashine imeikosa! Imetoa jibu lenye mkia.

Ile mistari yenye alama ya # imeandikwa kwa ajili yetu sisi watu. Programu inayokusanya ripoti huiruka. Yenyewe inatafuta ile idadi ya mwanzo, na ok na not ok. Lakini bila mistari hiyo tungejua kwamba tumeanguka tusijue tulijikwaa wapi. Ripoti nzuri hukuonyesha kisiki chenyewe: nilitarajia hiki, nikapata hiki.

Na kisiki chetu ni hiki. Sisi tunahesabu kwa makumi, kwa sababu ya vidole. Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili. Jaribu kuandika theluthi moja kwa makumi: 0.3333, unaendelea mpaka karatasi inaisha na bado hujafika. Basi kwa mashine inayohesabu kwa mbilimbili, sehemu moja ya kumi ndiyo isiyokwisha. Inaikata mahali fulani na kubaki na kipande kidogo mno cha kosa. Ukijumlisha, kipande hicho hujitokeza mwishoni mwa mkia. Mtu akitazama kwa macho hakioni, hasa kama skrini inaonyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta. Jaribio linalouliza "je, ni sawasawa kabisa?" halikosi kukiona.

Dawa ipo, na wanaoandika programu za pesa hutumia ya namna hiyohiyo kila siku: achana na sehemu za kilo, hesabu kwa gramu nzima. Gramu 100 na gramu 200 ni gramu 300, wala hakuna mkia.

Kabla hatujatengeneza, nirudi kwa gunia la tatu.

Tuseme stima imepotea katikati ya kazi. Si ajabu, hapa kwetu Kericho ni mahali ambapo mvua ya mawe huangua majani na matawi pamoja. Programu imefika jaribio la pili, ikazimika. Kwenye ripoti kuna ok 1 na ok 2. Hakuna not ok hata moja! Mtu mvivu ataruka: "Yote yamefaulu!" Lakini mstari wa juu uliahidi matano, na yaliyoonekana ni mawili. Programu inayosoma ripoti itapiga hesabu hiyo na kukataa. Kwake, lililonyamaza limeanguka.

Kuna nafasi ya kusema ukweli pia. Ikiwa jaribio linahitaji mizani halisi na leo mizani haipo, unaruhusiwa kuliruka, mradi uandike kwenye mstari wake kwamba umeliruka na kwa nini. Nalo linabaki kwenye hesabu. Kogo angelikubali hilo. Mjukuu wake angesema, "La tatu nimeliacha kwa jirani, lori lilijaa," asingerudishwa njiani. Kilichomrudisha ni kimya.

Msidhani haya ni mambo ya kuchezea tu. Kaskazini mwa hapa, ukivuka vilima vya chai vya Nandi, kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka 2001 kituo hicho kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na mafunzo ya hapo, mwaka 2004 ilianza kuundwa programu ya OpenMRS, ambayo leo hutumika hospitalini katika nchi nyingi. Inaandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana. Mmoja akileta badiliko, majaribio huendeshwa yenyewe na ripoti hutoka kwa wote. Fikirini mtoto anayepewa dawa kulingana na kilo zake, halafu kilo zisomwe vibaya. Hapo mstari mmoja wa not ok, uliotoka mapema kabla daktari hajagusa chochote, una thamani ambayo siwezi kuipima kwa mizani yoyote.

Turudi kwenye kazi yetu. Tunafungua faili, tunabadilisha kilo kuwa gramu, tunahifadhi. Tunaendesha tena, na macho yote yako kwenye mstari wa tatu.

ok 3. Vizuri!

Lakini ngojeni. Mstari wa pili, ule uliokuwa mzima tangu mwanzo:

not ok 2 - gramu 12000 ukitoa gunia la nusu kilo hubaki 11500
#   iliyopatikana: 11999.5
#   iliyotarajiwa: 11500

Mnaona tulichofanya? Uzito wa majani tumeugeuza kuwa gramu, lakini uzito wa gunia tumeusahau. Bado umeandikwa 0.5. Tumetoa nusu gramu badala ya nusu kilo. Tulipokuwa tunaziba tundu moja, kiwiko kimetoboa jingine, na tungependa sana kuendesha lile jaribio la tatu peke yake, tushangilie, twende tukanywe chai. Ndiyo sababu tunaendesha yote, kila mara, hata yale ambayo "hayahusiki".

Tunaandika 500. Tunaendesha. Moja hadi tano, ok tupu. Na chini kabisa, bila sisi kuona, skripti inapomaliza inaikabidhi kompyuta nambari moja: 0, yaani sijaanguka popote. Ingekuwa nambari nyingine yoyote, programu iliyokuwa inangoja zamu yake nyuma ingesimama.

Lakini wewe uliyekaa pale nyuma umeinua mkono tangu zamani. Unauliza: na je, kama gunia lina uzito zaidi kuliko majani yaliyomo? Swali zuri sana! Hatukulifikiria. Njoo hapa mbele, keti, uliandike. Litakuwa la sita.

Umemaliza? Sasa panda juu kwenye mstari wa kwanza. Bado umeandikwa 1..5.